Mbao katika maeneo ya umma ya ufukweni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaopanga, wanaojenga na wanaotunza njia za mbao, majukwaa, gati, mabenchi na vibanda vya kivuli kando ya bahari. Maswali mengine yanajibika kwa mistari miwili. Mengine yana mengi ndani yake, nayo yamepewa nafasi. Msimamo wetu tuutaje mapema: mbao nyingi zinazoozea ufukweni huponzwa na mchoro usiozipa nafasi ya kukauka, kabla hata bahari haijaanza kazi yake.

Kwa nini mtu ahangaike na mbao wakati zege lipo?

Kwanza ni kwa ajili ya mwili. Ufukweni watu hutembea pekupeku, huketi na nguo zilizolowa, hujilaza. Mbao hupitisha joto kidogo sana kuliko zege au jiwe, hivyo jua likiwaka haiunguzi nyayo upesi, na asubuhi ya baridi haimtetemeshi anayeketi. Tena hunepa kidogo chini ya mguu. Magoti ya mzee huijua tofauti hiyo, na ya mkimbiaji pia.

Pili ni namna inavyoigusa ardhi. Njia ya mbao husimama juu ya nguzo nyembamba. Mchanga unahama chini yake, mvua inapenya, na majani ya kwenye matuta yanaendelea kuota. Zege likimwagwa juu ya mchanga huziba yote hayo, na mawimbi yakichimba chini yake, bamba zima linapasuka. Tatu, ubao mmoja ukivunjika, fundi mwenye bisibisi na ubao wa akiba anaurudisha siku ileile.

Kuna pia hesabu ya kaboni. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani. Lakini faida hiyo hubaki tu endapo mbao itadumu na msitu ilikotoka utaota tena. Sakafu inayotupwa kila baada ya miaka michache haina cha kujivunia.

Haya yote hayaliondoi zege kazini. Kwenye misingi na chini ya maji mara nyingi ndilo jibu, ingawa nalo si la milele: chumvi hupenya hadi kwenye nondo, kutu ikazivimbisha, zege likaanza kubanduka vipande vipande.

Njia hizi za mbao zilianzia wapi?

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Atlantic City, Marekani, mwaka 1870. Wenye hoteli na watu wa reli walikuwa wamechoka na mchanga ulioletwa ndani na viatu vya wageni, ndipo ikatandazwa njia ya mbao juu ya ufuko. Jambo la kuzingatia ni kwamba njia ile ya kwanza iliondolewa msimu ulipoisha na kurudishwa msimu mwingine. Wazo la sakafu inayoweza kunyanyuliwa, ambalo leo huuzwa kana kwamba ni jipya, lina zaidi ya miaka 150. Mwaka 1923 ulizaa njia mbili mashuhuri: ile ya Coney Island, New York, na ile ya Deauville, Ufaransa.

Mbao itadumu miaka mingapi?

Uliza kwanza itakaa wapi. Ubao uleule una maisha tofauti kabisa kulingana na umbali wake kutoka kwenye maji.

Ndani ya tope zito, ambako oksijeni haifiki, mbao hudumu karne nyingi. Venice imesimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa kwenye tope, na nyingi kati ya hizo bado zinabeba mzigo. Katika maji ya chumvi yaliyo wazi habari ni nyingine, kwa sababu ya viumbe wanaotoboa; hao wana swali lao hapa chini. Sehemu iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ndiyo mbaya kuliko zote. Inalowa, inakauka, inasuguliwa na mchanga, na inapata hewa ya kutosha kwa kila aina ya mharibifu.

Juu zaidi, mahali panaporushiwa rasharasha, kinachotawala ni unyevu na chumvi. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito mkavu wa mbao. Chumvi, kwa upande wake, huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevunyevu wa hewa unapopita asilimia 75. Kwa hiyo ubao uliojaa chumvi unaweza kubaki umelowa usiku kucha pasipo kunyesha tone la mvua. Fuwele za chumvi zikikauka ndani ya nyuzi huzisukuma, na baada ya muda uso wa ubao unaota manyoya laini. Hayo si kuoza. Yanachukiza macho lakini nguvu ya ubao hupungua kidogo tu.

Kanuni ya Ulaya EN 335 inazitenganisha hali hizi kwa madaraja: la 3 ni mbao iliyo nje lakini haigusi ardhi, la 4 ni inayogusa ardhi au maji yasiyo na chumvi, na la 5 ni inayokaa kwenye maji ya chumvi. Hata kama hauko Ulaya, mpango huo unasaidia. Chora mstari wa bamvua kubwa, yaani pale maji yanapofika yakijaa kupita kawaida, kwenye ramani yako kabla hujachagua mti wowote.

Ni mti gani bora?

Hakuna mmoja. Kwa mazingira magumu majina yanayorudi ni grinihati wa Guyana, azobe wa Afrika Magharibi na ya Kati, na ipe wa Amerika Kusini. Zote ni mbao nzito mno: azobe na grinihati huwa na takriban kilo 1,000 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, na gogo lake likitupwa majini huzama. Uzito huo ndio ulinzi wake, na ndio adha ya seremala. Misumeno inaisha makali, tundu lazima litobolewe kabla ya skrubu, na ubao mmoja wa urefu wa kutosha unataka watu wawili.

Mtiki, au msaji, una mafuta ya asili na hautanuki ovyo, ndiyo maana umependwa kwenye sitaha za meli na mabenchi. Tahadhari: sifa za mtiki zilijengwa na miti mikubwa ya msituni. Mtiki wa shambani uliovunwa ukiwa mchanga haudumu sawasawa, na katika madaraja ya uimara ya kanuni ya EN 350, ambayo la 1 ni la juu na la 5 la chini, unaweza kuangukia hadi la 3. Mvule nao ni mzuri hewani, kwa viti, paa na uzio.

Jambo linalosahauliwa kuliko jina la mti ni sehemu ya mti. Uimara wote unaotajwa vitabuni ni wa kiini. Ile tabaka nyeupe ya nje, iwe ya mtiki au ya mti mwingine wowote, huoza upesi. Nimeona mizigo ya mbao ghali ambayo robo ya kila ubao ilikuwa nyeupe, na mnunuzi akiridhika kwa sababu hati ilisema jina sahihi.

Zipo pia mbao za miti laini zilizobadilishwa. Aina moja hupikwa kwa joto kali, kati ya nyuzi 160 na 230 za Selsiasi, katika hali ya oksijeni kidogo. Inapunguza kunywa maji lakini inakuwa dhaifu na rahisi kupasuka, hivyo isibebe mizigo mizito wala kuchimbiwa ardhini. Nyingine hupitishwa kwenye asetiki anihidridi, kemikali ya ukoo wa siki, ikabadilika kikemia hadi ndani. Hiyo hutulia sana, haivimbi wala kusinyaa kirahisi, na kuvu wanaikosea hamu. Kwa sakafu za juu na mabenchi naiona ni mshindani wa kweli wa mbao za msitu wa mvua. Kwa nguzo zinazosimama baharini, bado ningechagua kitu kingine.

Ni wadudu gani hawa wanaokula nguzo ndani ya maji?

Wako wa makundi mawili, na wote si wadudu. Wa kwanza huitwa mnyoo wa meli, ila kwa ukoo ni ndugu wa chaza na kome. Akiwa kichanga anaingia kwenye mbao kupitia kitundu kidogo kama kichwa cha pini, kisha anakua humohumo, akichimba handaki kwa gamba lake na kulipaka chokaa. Mlango wake haupanuki. Ndiyo sababu nguzo inaonekana nzima kwa nje hadi siku inapokatika. Wa pili ni kiumbe wa jamii ya kaa na kamba, mwenye urefu wa milimita chache tu, anayekula kutokea juu kuelekea ndani. Kazi yake inaonekana wazi: nguzo inakonda kiunoni, kwenye usawa wa maji ya kupwa.

Madhara yake si hadithi. Mwaka 1731 Uholanzi iligundua kuwa mbao zilizokinga maboma yake ya kuzuia bahari zilikuwa zimetobolewa kama chekeche, na hatimaye ikalazimika kuhamia kwenye mawe yaliyoagizwa kutoka nje. Katika ghuba ya San Francisco, kati ya 1919 na 1921, gati na maghala yaliporomoka moja baada ya jingine. Upande wa pili kuna meli Vasa ya Uswidi, iliyozama 1628 na kuibuliwa 1961 ikiwa karibu nzima, kwa kuwa maji ya Baltiki pale hayana chumvi ya kumtosha mnyoo huyu.

Kwa hiyo pima maji yako. Maji ya vuguvugu yenye chumvi kamili ndiyo hatari zaidi. Mdomo wa mto wenye maji mengi yasiyo na chumvi ni afadhali. Kinga zipo: mti mzito kama grinihati au azobe, au koti la plastiki nzito linaloizunguka nguzo na kumnyima mtoboaji oksijeni. Bafu la bahari la Kastrup, jirani na Copenhagen, lilijengwa kwa azobe kwa sababu hiyo hasa. Lakini ukiniuliza mimi, katika bahari ya joto weka zege au chuma kilicholindwa chini, na mbao anzia juu ya bamvua. Watu hawaigusi nguzo iliyo majini. Wanagusa sakafu, mkono wa kushikia na benchi. Fedha za mbao nzuri ziende huko.

Mbao huanza kuoza sehemu gani?

Nenda kwenye jukwaa lolote lililochoka, uchukue bisibisi na uchokoe. Katikati ya ubao, palipo na jua na upepo, bisibisi haiingii. Itaingia kwenye maungio.

Mahali pa kwanza ni ubao unapoukalia mhimili, yaani boriti inayoubeba. Nyuso mbili bapa zikibanana, maji huvutwa katikati na hayatoki. Dawa yake ni ndogo kiasi cha kushangaza: utepe wa mpira au lami juu ya mhimili, au vipande vyembamba vya kutenganisha, au mhimili uliochongwa mgongo ili maji yateleze pembeni. Mhimili ukioza, sakafu nzima juu yake inaondolewa, kwa hiyo usiutengeneze kwa mti dhaifu kuliko ule wa sakafu. Wengi hufanya hivyo ili kuokoa fedha, kwa kuwa mhimili hauonekani.

Pa pili ni kichwa cha ubao. Mti ni fungu la mirija, na ukiukata unaacha vinywa vyake wazi. Maji huingia hapo kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Vichwa vipakwe nta au kizibo mara tu baada ya msumeno, tena vile vilivyokatwa kwenye eneo la kazi ndivyo vinavyosahauliwa. Visigusane: acha nafasi kati ya kichwa na kichwa.

Pa tatu ni mguu wa nguzo. Nguzo iliyozamishwa kwenye zege imewekwa ndani ya kikombe. Zege haliikingi, linayashika maji yaliyoshuka na nyuzi. Isimamishe juu ya kiatu cha chuma, ikiwa imenyanyuka angalau kiasi cha kupitisha upepo na mkono wa msafishaji. Vilevile usiruhusu mchanga urundikane dhidi ya miguu ya mabenchi. Mchanga hubeba unyevu siku nyingi baada ya uso wa ufuko kuonekana mkavu.

Na kila uso unaolala bapa, kama juu ya reli au juu ya nguzo, upewe mwinamo. Nyuzi chache tu zinatosha.

Skrubu na bolti za aina gani?

Chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kina molibdenamu, metali inayokisaidia kuhimili chumvi. Cha daraja la 304 kinafaa bara. Karibu na bahari kinapata madoa ya kutu na vijishimo. Chuma cha kawaida kikigusa mbao zenye tanini nyingi, kama mwaloni, huacha michirizi myeusi isiyotoka. Na chuma kilichopakwa zinki hakielewani na mbao zilizotiwa dawa yenye shaba: dawa huila zinki, kisha chumvi inamalizia chuma.

Skrubu za kuonekana au klipu za kufichwa? Nyumbani kwako chagua upendavyo. Kwenye eneo la umma tumia za kuonekana, mbili kila ubao unapokutana na mhimili. Klipu za kufichwa hupendeza kwenye picha, ila mara nyingi ili kutoa ubao mmoja unalazimika kuanza ukingoni na kung'oa kumi na tano. Fundi wa matengenezo hatafanya hivyo. Atapigilia kipande cha plaiwudi juu ya tundu, nacho kitakaa hapo miaka.

Mwanya kati ya ubao na ubao uwe kiasi gani, na mbao zielekee wapi?

Mbao zilalie kukingama na mwendo wa watu. Magurudumu ya kiti cha magurudumu, ya kigari cha mtoto na ya baiskeli yasije yakatumbukia kwenye mwanya unaofuata njia. Kwa kipimo, milimita 5 hadi 8 hutosha kupitisha maji na mchanga. Kanuni za Marekani za watu wenye ulemavu haziruhusu uwazi wa zaidi ya milimita 13, na ncha ya fimbo ya kutembelea ndiyo sababu.

Ugumu uko kwenye kusinyaa. Mbao nzito mara nyingi hufika zikiwa bado mbichi, na ubao mpana utapoteza milimita kadhaa za upana ukikauka. Ukizipanga mbichi kwa mwanya wa milimita 8, mwakani una 12. Zikija kavu mno na ukazibana, msimu wa mvua zitavimba na kusukumana hadi skrubu zikatike. Pima unyevu wa mzigo kwa kipimo cha mkononi kabla ya kuamua mwanya. Kazi ya dakika chache.

Kuhusu watu wenye ulemavu, mwanya ni mwanzo tu. Mteremko usizidi 1 kwa 12, na 1 kwa 20 ndio unaopandika bila kutweta. Upana wa mita 1.5 unaruhusu viti viwili vya magurudumu kupishana kwa shida, ongeza ukiweza. Ukingo wa njia uwe na kizuizi kidogo cha mbao ili gurudumu lisiteleze mchangani, na uwe na rangi inayotofautiana kwa wenye uoni hafifu. Mabenchi mengine yawe na egemeo na mikono ya kujisukumia, na kando ya benchi paachwe nafasi ya kiti cha magurudumu, ili rafiki wawili wakae ubavu kwa ubavu. Mwisho, njia ifike mahali. Nyingi huishia juu ya mchanga laini mita thelathini kabla ya maji, na mwenye magurudumu hubaki akitazama wenzake. Mikeka ya kukunjua inayowekwa na kuondolewa huziba pengo hilo kwa gharama ndogo.

Mbao hazitelezi zikilowa?

Kinachoteleza hasa ni utando wa mwani na uchafu ulio juu yake, na utando huo huota pasipopata jua: chini ya vibanda, kivulini mwa kuta, kwenye ngazi zinazofikiwa na maji. Huko usitegemee mbao tupu. Tumia mbao zilizotiwa mistari ya kokoto ndogo na gundi, au wavu wa chuma cha pua, au acha ngazi za chini ziwe za jiwe lililochubuliwa.

Michirizi iliyochongwa kwenye ubao inasifiwa kupita kiasi. Inasaidia kidogo ikikingama na mwendo; ikifuata mwendo haizuii mguu, na mchanga ukijaa ndani yake inakuwa kitalu cha mwani. Uingereza hupima utelezi kwa pendulamu, yaani mkono unaobembea wenye kipande cha mpira, na sakafu iliyolowa inayopata 36 au zaidi huhesabiwa kuwa na hatari ndogo. Mwombe muuzaji matokeo ya mbao iliyolowa, kwa kuwa sakafu kavu karibu zote hufaulu.

Je, tupake rangi au vanishi?

Vanishi hapana. Inatengeneza ngozi, ngozi inapasuka kwa jua, maji yanaingia nyuma yake na hayapati pa kutokea. Mafuta hutunza rangi ya mbao kwa muda, lakini lazima yarudiwe, na sijaona eneo la umma lenye bajeti ya kuyarudia kila mwaka kwa miaka kumi.

Ziacheni zigeuke kijivu. Mwanga wa jua huvunja lignini iliyo juu, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi, mvua inaiosha, nyuzi zinabaki na rangi ya fedha. Kina chake ni kidogo sana. Kwa miti laini iliyo wima, uso hulika takriban milimita 6 kwa karne. Waelezeni watu mapema kwamba rangi nyekundu ya siku ya uzinduzi itaondoka, la sivyo malalamiko yataanza mwaka wa pili. Sehemu zilizo kivulini hugeuka polepole, kwa hiyo miaka ya mwanzo kutakuwa na mabaka.

Mbao zilizotiwa dawa ni salama?

Inategemea dawa. Ile ya zamani yenye shaba, kromiamu na aseniki iliondolewa kwenye matumizi mengi ya makazi nchini Marekani mwishoni mwa 2003, na Ulaya nayo imeibana. Kreosoti, ile nyeusi inayonukia lami, ina viini vya saratani na haifai kabisa mahali ambapo ngozi ya mtu itagusa. Dawa za siku hizi zinazotegemea shaba ni afadhali kwa binadamu, lakini shaba ikivuja majini hudhuru viumbe wadogo. Kwa mabenchi, mikono ya kushikia na michezo ya watoto, chagua mbao imara kwa asili au iliyobadilishwa, isiyohitaji dawa.

Kutumia mbao za misitu ya mvua si dhambi?

Ni swali halali. Jiji la New York lilitumia ipe kwenye njia zake za ufukweni kwa miaka mingi, hadi wanaharakati wa misitu wakalikabili na mwaka 2008 likatangaza kupunguza mbao za kitropiki. Tangu Novemba 2024 ipe imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake kila mzigo unaovuka mpaka unahitaji kibali.

Usipige marufuku mbao zote za kitropiki kwa sababu hiyo. Msitu usiouza chochote huishia kuwa malisho au shamba. Dai cheti cha FSC, kinachothibitisha msitu unatunzwa vizuri, au kinacholingana nacho, na mlolongo wa hati kutoka msituni hadi kwenye lori lako; kisha kubali miti isiyo maarufu. Vipimo vinavyotaja mti mmoja tu ndivyo vinavyoumaliza mti huo. Andika sifa unazotaka, yaani uimara, uzito na kiasi cha kusinyaa, uache muuzaji alete aina mbili tatu.

Na mikoko?

Mkoko ulio hai unapunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope. Uache usimame, na njia ya mbao iupite kando au juu.

Dhoruba ikija?

Mtu hudhani wimbi litaipiga sakafu kwa mbele. Linaipiga kwa chini. Maji yakipanda hunyanyua jukwaa kwa nguvu kubwa, na mbao zenyewe zinataka kuelea. Mwanya kati ya mbao hupunguza shinikizo hilo kiasi, lakini kinachoshikilia ni bolti zinazopita mhimili na nguzo pamoja na mikanda ya chuma. Misumari pekee ni sadaka.

Katika kimbunga Sandy, Oktoba 2012, sehemu kubwa ya njia ya mbao ya Rockaway, New York, ilinyanyuliwa na kusombwa hadi mitaani, huku miguu ya zege ikibaki imesimama kama safu ya meza zisizo na mbao. Jiji liliijenga upya kwa zege, kazi ikakamilika 2017. Wapo waliolalamika kwamba ufuko umepoteza sura yake, nami nawaelewa. Ila vipande vya sakafu vinavyogonga nyumba za watu ni hoja nzito. Kuna njia ya kati: sakafu iwe ya paneli zinazoweza kufunguliwa na kupelekwa ghalani tahadhari ikitolewa, na muundo wa chini uwe ule usioondoka.

Na moto?

Mbao nene huungua polepole, kwa kiasi cha chini ya milimita moja kwa dakika, kwa sababu makaa ya juu huilinda sehemu ya ndani. Hatari ya gati ni takataka na vipisi vya sigara vinavyodondoka kwenye mianya na kurundikana chini, ambako upepo upo wa kutosha na zimamoto hawafiki. Gati la Hastings, Uingereza, liliteketea Oktoba 2010. Gawanya gati vipande kwa vizuizi vya moto, weka bomba la maji hadi mwisho wa gati, na milango ya sakafuni ya kushukia.

Mbao za plastiki zinaweza kuchukua nafasi hii?

Haziozi wala hazitobolewi. Ila hurefuka na kufupika sana kwa joto, hulegea zikibebeshwa mzigo mrefu, huunguza nyayo jua likiwaka, na zikisuguka huacha chembe za plastiki ufukweni. Mihimili iliyofichwa, labda. Benchi, hapana.

Tuzingatie nini kuhusu wanyama na matuta ya mchanga?

Nyanyua njia juu ya mimea ya matuta, ili kivuli kisiiue na mchanga upite. Usizungushe uzio unaofunga njia ya kasa. Vitoto vya kasa hufuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa nyeupe juu ya njia huvipeleka barabarani. Tumia taa za chini zenye rangi ya kaharabu, zilizofunikwa upande wa maji, na zizimwe msimu wa kutaga ukiweza.

Matunzo yanahitaji nini?

Ufagio, maji baridi na brashi ngumu. Pampu ya maji ya kasi ikaribishwe kwa tahadhari, kwani hung'oa sehemu laini za mbao na kuacha matuta ya kuchoma miguu. Mara moja kwa mwaka, na baada ya kila dhoruba, kaza bolti, chokoa maungio, piga msasa palipochanika. Na nunua mbao za akiba siku unaponunua za kujengea, kutoka mzigo uleule, zikae chini ya paa lenye upepo. Baada ya miaka minane unene ule huenda usipatikane tena.

Mbao za zamani zikitolewa zipelekwe wapi?

Kwanza zipangwe kwa makundi mawili: zenye dawa na zisizo na dawa. Zenye dawa zisichomwe hata kidogo, maana majivu ya zile za aseniki ni sumu. Zipelekwe kwenye taka maalumu. Zisizo na dawa zina thamani kuliko zinavyoonekana. Ubao wa azobe uliokanyagwa miaka thelathini, ukirandwa milimita tatu, ndani ni mpya.

Hastings walipolijenga upya gati lao, lililofunguliwa 2016 na kushinda tuzo ya usanifu ya Stirling 2017, walivika jengo la wageni kwa mbao zilizonusurika motoni. Na Littlehampton, pwani hiyohiyo ya kusini mwa Uingereza, kuna benchi la zaidi ya mita 300 lililofunguliwa 2010, ambalo sehemu ya mbao zake zilitoka kwenye vizuizi vya zamani vya mawimbi. Ukiziuza au kuzitumia tena, ondoa skrubu zote kwa sumaku na macho, kwani chuma cha pua hakishikwi vizuri na sumaku na msumeno wa seremala utakuwa wa kwanza kukigundua.